Harakiri (1962): muvi ya samurai ambayo upanga unakaa alani, na bado inatisha

Ukitajiwa muvi ya samurai, akili inakimbilia panga, damu na stelingi asiyekufa. Harakiri ya Japani nayo ina panga, ila mzigo wenyewe ni njaa, ajira, na wakubwa wanaothamini jina kuliko uhai wa mtu.

Historia kidogo kwanza. Mwaka 1600 Tokugawa Ieyasu alishinda vita vya Sekigahara, na 1603 akawa shoguni, mtawala wa kijeshi wa nchi nzima. Baada ya miaka kadhaa vita vikubwa vikakoma. Amani ni neema, lakini kwa samurai wengi ilileta msoto. Utawala mpya uliwanyang'anya mabwana himaya zao, wengine kwa kosa dogo tu. Fukushima Masanori wa Hiroshima aling'olewa mwaka 1619 kwa kukarabati ngome yake iliyoharibiwa na mafuriko bila kibali. Bwana akianguka, askari wake wanabaki bila posho. Hao ndio ronin, samurai wasio na bwana. Walikuwa maelfu, na wengi wao hakuna aliyeandika majina yao.

Muvi inaanzia hapo. Ni mwaka 1630 mjini Edo, Tokyo ya leo. Ronin wa makamo, zamani askari wa Fukushima, anabisha kwenye jumba la ukoo wa Iyi. Anaomba uwanja ajipasue tumbo, afe kwa heshima. Msimamizi anamshuku, maana mjini kuna ronin wanaoomba hivyo ili wapewe visenti waondoke. Anamsimulia habari za kijana aliyekuja kabla yake: walimlazimisha ajiue kweli, tena kwa upanga wa mianzi, kwa sababu wa chuma alishauuza.

Mgeni anasikiliza, katulia tuli. Kisha anamtaja samurai anayetaka awe wa kummalizia. Anaumwa, hajaja kazini. Anamtaja wa pili. Naye anaumwa. Wa tatu? Anaumwa pia. Kuanzia hapo hutatamani hata kwenda kuchukua maji.

Mwongozaji, Masaki Kobayashi, aliyajua haya ya kutii amri. Aliingizwa jeshini mwaka 1942 na akakataa kupandishwa cheo, kupinga vita vile. Tatsuya Nakadai, anayecheza mzee huyo, alikuwa hajafika hata miaka 30. Mwaka 1963 muvi ikabeba Tuzo Maalumu ya Majaji kule Cannes.

Ni dakika 133, haina rangi, na inaanza polepole. Usiikimbie. Tena kiangalie vizuri kile kitabu cha kumbukumbu za ukoo kinachofunguliwa mwanzoni. Mwisho kitaandikwa tena, na wewe uliyeshuhudia kila kitu utaona kipi kimeingizwa na kipi kimefichwa. Ndipo utaelewa kwa nini majina ya ronin wengi hayapo popote.