Msikilizaji wa Barazani: Mahubiri ya Kiprotestanti katika Pwani ya Lindi

Mingoyo ni njia panda. Barabara za Lindi, Mtwara na Masasi hukutana hapo, na abiria anayengoja basi husikia mengi ambayo hakuyafuata: adhana, mabishano ya bei ya korosho na, Jumapili asubuhi, sauti ya mchungaji kutoka kwenye spika iliyoelekezwa nje ya kanisa. Mchungaji huyo anamhubiria nani? Vitabu vingi vya homiletiki, yaani elimu ya kuhubiri, tunavyosomesha vyuoni vinamfikiria muumini aliyekwisha kuketi kanisani. Katika pwani ya Lindi, ambako Waislamu ndio wengi, yupo msikilizaji wa pili, naye amekaa barazani. Hoja yangu ni kwamba mhubiri wa huku hupimwa kwa huyo wa pili.

Jambo lenyewe ni la tangu zamani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alishuka Lindi akitokea Unguja pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wakaelekea bara na kuanzisha kituo Masasi. (Waanglikana hao, wenye mapenzi makubwa na altare, wangenuna kuitwa Waprotestanti. Lakini mahubiri ya Kiswahili yalipita njia hii pamoja nao, basi wastahimili.) Steere hakukimbilia mimbari. Mwaka 1870, miaka minne kabla ya kuwa askofu, alikuwa ameshachapisha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Alikaa kwanza akasikiliza namna Mswahili anavyofungua jambo, anavyolizungusha, anavyomwachia msikilizaji amalizie. Cecil Majaliwa, Myao aliyewahi kuwa mtumwa na ambaye mwaka 1890 alikuwa Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa upadri, alihudumu Chitangali wakati Uislamu nao ukipanda kutoka pwani kwenda kwa Wayao. Wahubiri wa namna hiyo hawakuwa na ukumbi wao peke yao.

Lugha nayo haikuwa yao peke yao. Kuhubiri na habari ni maneno ya shina moja la Kiarabu. Mhubiri, kwa asili ya jina lake, ni mpasha habari. Dhambi, toba, neema, rehema, imani, malaika, Injili, hata kanisa: yote yamepitia Kiarabu, na mengi Mwislamu wa Mingoyo anayatumia kila siku bila kuyaazima kwa mtu. Hapa ndipo penye utamu na penye mtego. Mhubiri akisema Injili, Mkristo husikia habari njema ya kufa na kufufuka kwa Yesu; jirani husikia kitabu alichoteremshiwa Nabii Isa. Akisema Roho Mtakatifu, jirani aliyesoma madrasa huenda akamfikiria Jibrili. Akisema Mwana wa Mungu, baraza zima hukunja uso. Neno ni lilelile, maana zimeachana, na spika haina nafasi ya kufafanua. Mhubiri asiyejua hilo atadhani ameeleweka kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Kuanzia miaka ya 1980 maana hizo ziligeuzwa silaha. Wahubiri wa Kiislamu wa mlingano wa dini, wakifuata mfano wa Ahmed Deedat wa Durban, walisimama viwanjani na Biblia mkononi, sura na aya kichwani. Wakristo wakajibu kwa mihadhara yao. Watu walijifunza maandiko, sikatai. Lakini mahubiri yaligeuka ligi: aya kwa aya, na anayeshangiliwa ndiye mshindi. Kashfa zikafuata, na serikali ikaingilia kati. Mikutano ya injili ya leo imeacha mabishano kwa sehemu kubwa, ikashika kelele. “Pokea!” na “Haleluya!” humjenga aliye ndani, aliye barazani hupata mngurumo tu.

Wapo watakaosema kwamba mhubiri anayemfikiria Mwislamu ataishia kuificha Injili. Naiheshimu hofu hiyo, ila siikubali. Paulo pale Athene alianzia kwenye madhabahu ya wenyeji wake, kisha akautaja ufufuo waziwazi, na baadhi wakamcheka. Kumjua msikilizaji hakukumnyamazisha. Tena mawaidha ya msikitini yanatufundisha jambo ambalo homiletiki yetu ya pointi tatu imelisahau: mtoa mawaidha mzuri hutulia, husimulia, hurudia neno moja mpaka likae.

Basi walimu wa vyuo vya theolojia, kabla mwanafunzi hajapewa mimbari, mpelekeni akae barazani, nje ya kanisa, Jumapili mbili tatu, asikilize spika pamoja na majirani. Kisha awaulize wamesikia nini, na majibu yao ayaandike kwa maneno yao wenyewe.