Kete haitupwi

Kila wiki kurasa za michezo hutuarifu kwamba timu fulani "inatupa kete yake ya kwanza". Kinachotupwa ni dadu, neno tulilolipata kwa Wareno; kete husogezwa. Kwenye bao la Kiswahili kete ni komwe 64, nazo huokotwa na kusambazwa shimo kwa shimo, na anayezitupa ataambiwa akajifunze kwanza.

Tofauti ya dadu na kete itazame katika Mario Party, mchezo wa video uliotoka Japani mwaka 1998 kwa ajili ya mashine ya Nintendo 64 (namba imegongana tu na ya bao). Wachezaji ni wanne. Mmoja wa wahusika ni Mario, na dadu huelea juu ya kichwa chake. Anaruka, anaigonga, inatoa namba kati ya 1 na 10, naye anatembea hatua hizo kwa miguu yake. Kete ni yeye mwenyewe! Wote wakishamaliza zamu, hufuata mchezo mdogo wa kugombea sarafu, na sarafu 20 hununua nyota. Mwenye nyota nyingi ndiye mshindi, ingawa adui aitwaye Bowser hupora watu bila haya.

Hapo hata "kutupa dadu" hakufai. Mimi ningesema anapiga dadu, kete inakwenda.