KISANDUKU CHA GITAA NA FUNDI WA MATEMA

Ndugu Mhariri ameniomba niandike habari za bendi ya shule yetu kwa ajili ya jarida la mkutano wa mwaka huu. Picha za bendi ile mnazo, na nyimbo zake mnazikumbuka kuliko masomo. Kwa hiyo nitaandika juu ya kitu kimoja kidogo ambacho katika picha hakionekani ila ukingo wake: kile kisanduku cha bati kilicholazwa karibu na mguu wa mpiga solo. Alipokikanyaga, gitaa lilibadilika sauti, likakwaruza kama nyigu ndani ya debe.

Kisanduku hicho kimo katika kabati la kumbukumbu la shule, na kikaratasi kilichobandikwa chini yake kina jina langu. Jina hilo halistahili kuwapo pale. Ili jambo hili lieleweke, sina budi kuanzia mbali kidogo.

Mlio wa kukwaruza katika gitaa la umeme ulitokana na kifaa kibovu. Mjini Nashville, Marekani, mwimbaji Marty Robbins alikuwa akirekodi wimbo uliotoka mwaka 1961. Gitaa la besi la Grady Martin lilipitishwa katika njia moja ya mtambo wa kurekodia iliyokuwa na hitilafu, na sauti yake ikatoka imepasuka. Wangeweza kurudia, wakaiacha, na watu wakaipenda. Fundi mitambo wa studio, Glenn Snoddy, akatafuta namna ya kuitoa sauti ile kwa makusudi kwa kutumia transista, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaanza kuuza kisanduku cha namna hiyo kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1965 kundi la Rolling Stones la Uingereza lilikitumia katika wimbo uliovuma dunia nzima, na tangu hapo kila kijana mwenye gitaa alikitaka. Mwaka 1966 kikatoka kingine London, Fuzz Face, cha mviringo kama sahani. Jimi Hendrix alivipenda visanduku hivyo, lakini hata yeye hakuridhika na vilivyotoka dukani. Alikuwa na fundi wake, Roger Mayer, aliyevifungua na kuvibadili.

Kazi yake si ya ajabu. Gitaa hutoa umeme mdogo sana, sehemu ndogo tu ya volti moja. Transista mbili huukuza umeme huo kupita uwezo wa betri. Betri ikishindwa kutoa zaidi, vilele vya wimbi la sauti hukatwa kama majani kwa panga, na hapo ndipo mkwaruzo unapotokea. Fuzz Face ilikuwa na vipande 11 tu: transista 2, rezista 4, kapasita 3, na vifundo 2 vya kuzungusha. Redio ya kawaida ya mkulima ilikuwa na vipande vingi kuliko hivyo. Hili ndilo lililowawezesha mafundi wa redio wa kila nchi kuvitengeneza visanduku hivi nyumbani.

Katika muziki wetu wa dansi mlio huo haukuwa na nafasi kubwa. Wapiga solo wetu, akiwamo hayati Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Osaka, Japani, mwaka 1970, walisifiwa kwa sauti safi inayosikika nukta kwa nukta. Mkwaruzo kwa sisi vijana wa Nyanda za Juu Kusini ulitoka upande wa pili wa Tunduma. Katika Zambia ya miaka ya 1970 bendi kama WITCH na Amanaz zilipiga roki ya Kizambia kwa visanduku vya kukanyaga, na kanda na sahani zao zilivuka mpaka. Reli ya TAZARA ilipokabidhiwa rasmi mwaka 1976, njia ikawa nyepesi zaidi. Mwaka 1977 mwenzetu mmoja aliyekuwa na ndugu zake Copperbelt alirudi kutoka likizo na kisanduku cha mtindo wa Fuzz Face, kisicho na jina la kiwanda, kimefungwa ndani ya soksi.

Kule shuleni, kwenye baridi ya milimani, kilipiga vizuri. Likizo ya Desemba nilikichukua kwenda nacho kwetu Matema, tukapige muziki wa Krismasi. Matema, kwa wale wasioijua, iko kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, chini ya Milima ya Livingstone, mita zipatazo 475 tu juu ya usawa wa bahari. Desemba joto lake si la mchezo. Saa nane mchana kisanduku kilianza kukohoa, kisha kikanyamaza. Usiku kilifufuka. Kesho yake mchana kikafa tena.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa fizikia na nilijiona najua. Nilikuwa na transista ya aina ya BC108 niliyoitoa maabara, nami sitasema kwa ruhusa ya nani. Niliitia mahali pa ile niliyoidhania kuwa mbovu. Kimya kabisa, mchana na usiku.

Ndipo nikaenda kwa Fundi. Hatukumwita jina jingine. Alikaa chini ya mwembe, si mbali na mahali mitumbwi ya Wakisi kutoka Ikombe iliposhusha vyungu, akitengeneza redio na taa za karabai. Shule alikuwa ameishia darasa la nne. Kabla ya Uhuru alikwenda migodini Johannesburg kama vijana wengi wa Unyakyusa, na huko ndiko alikojifunza redio, kwa kumtazama mwenzake wa bwenini. Alikuwa na mita moja iliyopasuka kioo, koleo, na chuma cha kulehemia alichokipasha kwa makaa.

Niliamkia, nikampa kisanduku. Akakifungua, akaigusa ile transista yangu kwa waya za mita, huku na huku.

"Mwanangu," alisema, "huyu uliyemleta anakula kwa mkono mwingine. Wenzake wanakula kwa huu."

Maneno ya kitabuni ni kwamba BC108 ni ya silikoni na aina yake ni NPN, na zile za kisanduku zilikuwa za jerimani, aina ya PNP. Huwezi kuzibadilisha bila kugeuza betri nzima. Hayo niliyasoma Kidato cha Tano. Fundi aliyajua pale pale kwa vidole.

Kuhusu joto pia aliijua habari yake. Transista za jerimani huvuja umeme, na joto likipanda kiasi cha digrii 10 tu, uvujaji huweza kuongezeka mara mbili. Redio zilizokuja kwake mchana zikiwa bubu na kupona usiku hazikuwa ngeni kwake. Alitoa transista moja aina ya AC128 kutoka katika redio iliyozama ziwani mtumbwi ulipopinduka. Aliipima, akaiona haivuji sana, akaiunganisha huku mguu wake ameubana kwa koleo ili joto la chuma liishie kwenye koleo lisifike ndani. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa. Aling'oa rezista moja nzima, na mahali pake akatia kifundo cha sauti cha redio kuukuu.

"Jua likiwaka, zungusha huku. Jua likizama, rudisha."

Kumbe rezista ile ndiyo inayoipa transista ya pili kipimo chake cha umeme. Joto likiharibu kipimo, mpigaji anakirudisha kwa mkono. Nimekuja kusoma baadaye kwamba mafundi wa Ulaya na Marekani nao huweka kifundo hicho hicho kwa sababu hiyo hiyo. Fundi hakusoma kwao, wala wao hawakusoma kwake.

Betri ya volti 9 haikupatikana. Mtakumbuka mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na mpaka wetu na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari. Vipuri vilivyozoea kutoka Nairobi vilikatika. Fundi alipanga mawe 6 ya redio, kila moja volti 1.5, ndani ya kipande cha mwanzi. Jumla ni 9.

Tulipokijaribu jioni ile, alinitaka nipige nyuzi nene huku yeye akizungusha kifundo. Alizungusha muda mrefu, akiinamisha kichwa. Mwishowe akabadili pia kapasita ya njia ya kutokea, akatia kubwa zaidi ili sauti nzito zipite. Akapiga kofi.

"Sasa ni lipenga!"

Nilidhani anatania. Lakini malipenga ni ngoma ya mwambao huu wa Nyasa, pande zote za maji, na Fundi aliicheza ujanani. Wachezaji huvumisha sauti ndani ya kibuyu chenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ukitetemeka sauti hutoka yenye mkwaruzo. Ngoma hiyo ni jamaa ya beni ya pwani. Ilienea baada ya Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, askari na wapagazi waliporudi makwao wakiiga gwaride na bendi za kijeshi kwa vibuyu badala ya tarumbeta za shaba. Terence Ranger ameyaandika ya beni katika kitabu chake cha mwaka 1975. Basi wakati Nashville waliugundua mkwaruzo kwa bahati mbaya, wazee wetu walikuwa wameutengeneza kwa makusudi zaidi ya miaka 40 kabla yake. Fundi hakuwa akiiga Wazambia wala Wazungu. Alikuwa na sauti kichwani mwake, naye alikirekebisha kisanduku mpaka kikaifikia.

Sasa nifike kwenye deni langu. Siku ya wazazi, mwaka 1978, shule iliandaa maonyesho ya Elimu ya Kujitegemea. Nilikichora kisanduku kwenye karatasi kubwa, nikaeleza kila kipande, nikaandika jina langu chini. Mgeni rasmi alisimama mezani kwangu akauliza nani aliyetusaidia. Nilijibu, "Sisi wenyewe, mzee." Alinipa mkono, na nikapewa zawadi ya kitabu. Kitabu hicho ninacho mpaka leo, na sijakifurahia hata siku moja.

Likizo iliyofuata nilipita kwa Fundi. Aliniuliza kama kisanduku kilifanya kazi mbele ya wageni. Nikasema kilifanya vizuri sana. Akafurahi kweli kweli, akanikatia ndizi mbivu nile, wala hakuuliza jingine.

Alifariki miaka mingi iliyopita. Mwembe wake umekatwa. Leo vijana wana programu za simu zinazoiga mlio wa Fuzz Face kwa kugusa kioo tu, nami siwaonei wivu. Ninachosikitikia ni kwamba kizazi chetu kilipata elimu kwa kodi za watu kama Fundi, kisha tukadhani elimu ni ile tu iliyoandikwa daftarini.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nimezungumza na watoto wa Fundi. Wamekubali kuja siku ya mkutano, na wameomba waliandike wao wenyewe jina la baba yao kwa mkono wao. Ninawaomba ndugu zangu wote mtakaofika mje kabatini saa nne asubuhi, kabla ya chakula na hotuba. Kile kikaratasi cha zamani nitakibandua mwenyewe. Nitaleta na mawe 6 ya redio, na kama yupo kati yetu ambaye vidole vyake havijakakamaa, aje na gitaa.