Kokoto Zilitangulia Lami

Mtaa ukipata barabara nzuri, watu husema lami imefika. Kokoto hazitajwi, ilhali ndizo zinazoupitisha uzito wa gari hadi kwenye udongo, na zilifanya kazi hiyo miaka mingi kabla lami haijamwagwa juu yake.

Mskoti John Loudon McAdam alikabidhiwa barabara za Bristol, Uingereza, mwaka 1816. Mafundi wenzake waliamini barabara imara lazima izikiwe mawe makubwa chini. Yeye alikataa. Udongo wenyewe, alisema, hubeba mzigo wowote mradi uwe mkavu. Mawe kazi yake ni kuuezeka usipate maji. Akainua njia juu ya ardhi ya pembeni, akachimba mitaro, akatandaza mawe yaliyovunjwa, kila moja lisizidi wakia 6, yaani kama gramu 170. Magurudumu ya chuma ya magari ya farasi yakayashindilia, pembe zikaumana, na unga wa mawe ukaziba mianya.

Alitaka mawe yavunjwe kwa nyundo ndogo, mvunjaji akiwa ameketi, ili hata wanawake, wazee na watoto waiweze kazi hiyo. Hao ndio waliojenga barabara zilizompa McAdam sifa, nyundo baada ya nyundo. Aliyewahi kupita machimbo ya Kunduchi, Dar es Salaam, anaijua sauti ya nyundo hizo.

Kisha ikaja motokaa. Tairi za mpira hazikushindilia kitu. Zilifyonza ule unga na kuutimua hewani, kokoto zikabaki zikicheza. Huko Monaco, mwaka 1902, daktari Ernest Guglielminetti alipaka barabara lami ya moto ili kutuliza vumbi. Lami yenyewe ilikuwa mabaki ya viwanda vilivyotengeneza gesi kwa makaa ya mawe.

Uingereza nako, inasimuliwa, mhandisi Edgar Purnell Hooley alikuwa akipita karibu na kiwanda cha chuma cha Denby mwaka 1901. Pipa la lami lilikuwa limemwagika njiani, na mtu akalifunika doa kwa mabaki ya tanuri. Hooley aliona kipande hicho hakitoi vumbi wala hakichimbiki. Mwaka uliofuata akapata hataza ya kuchanganya lami na mawe kabla ya kuyatandaza, na Radcliffe Road mjini Nottingham ikawekwa mchanganyiko huo. Biashara ikaitwa Tarmac: neno la Kiingereza la lami limeunganishwa na mwanzo wa jina la McAdam, aliyekuwa amefariki tangu 1836.