VPN na Siri ya Simu za Intaneti: Ulinzi Unaoishia Njiani

Ofisi inapohamishia simu zake kwenye intaneti, ushauri wa kwanza wa mafundi huwa ni kuweka VPN, yaani njia iliyosimbwa kati ya kifaa na seva. Si ushauri mbaya. Simu ya aina hii huanza kwa ujumbe wa SIP unaomtaja mpigaji na mpigiwa, kisha sauti husafirishwa kwa RTP katika pakiti ndogondogo, kwa kawaida 50 kila sekunde. Zisiposimbwa, aliyejipenyeza kwenye Wi-Fi ya hoteli anaweza kuzinasa na kuzisikiliza kwa programu ya bure kama Wireshark. VPN humzuia. Hata hivyo, tunaitegemea kupita uwezo wake: siri ya mazungumzo yapasa kulindwa kutoka simu hadi simu, VPN ikiwa nyongeza tu.

Seva ya VPN ndiyo inayofungua pakiti. Kuanzia hapo, sauti ambayo haikusimbwa kwenye simu yenyewe huendelea na safari ikiwa wazi, na mwenye seva anaweza kuisikia yote. Matawi mawili ya benki yaliyounganishwa kwa VPN yao wenyewe hayana shida hiyo, maana pakiti hufunguliwa ndani ya kuta zao. Mtu binafsi anayelipia huduma kwa mwezi amehamisha tu imani yake kutoka kampuni ya simu kwenda kampuni nyingine, ambayo mara nyingi hajui hata iko nchi gani.

Jambo la pili ni zito zaidi, na halizungumzwi vya kutosha. Mwaka 2007 Charles Wright na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichunguza simu zilizosimbwa ambazo kodeki yake (programu inayogeuza sauti kuwa data), Speex, hubadili ukubwa wa pakiti kulingana na sauti inayotamkwa. Usimbaji ulificha maneno lakini uliacha urefu wa pakiti ulivyo. Kwa kupima urefu huo peke yake, walitambua lugha inayozungumzwa kati ya lugha 21, Kiswahili kikiwemo, kwa usahihi wa takriban asilimia 66, ilhali kubahatisha kungetoa chini ya asilimia 5. Mwaka uliofuata walionyesha kuwa hata vifungu mahususi vya maneno vinaweza kugunduliwa. VPN huongeza vichwa vya pakiti na wakati mwingine baiti za kujazia. Hilo hufifisha tofauti za urefu bila kuzifuta. Dawa iko kwenye kodeki: itumike yenye kasi isiyobadilika, kama Opus inavyoweza kupangwa.

Gharama nayo ipo. Pakiti ya kodeki ya G.729 hubeba baiti 20 za sauti na 40 za vichwa. IPsec, mfumo unaotumiwa na VPN nyingi, huweza kuongeza 50 au zaidi, hivyo mzigo hukaribia kuwa maradufu. Mtu wa Dar es Salaam akimpigia wa Mwanza kupitia seva ya Amsterdam, sauti huenda Ulaya na kurudi, zaidi ya kilomita 14,000. Nuru ndani ya nyaya hutumia zaidi ya milisekunde 70 kwa umbali huo, karibu nusu ya ucheleweshaji wa milisekunde 150 ambao ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, huuhesabu kuwa unafaa kwa mazungumzo mengi.

Oktoba 2023, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliwataka watumiaji wa VPN nchini Tanzania kujisajili. Naona mjadala uliofuata ulishughulikia mno tovuti zilizofungwa, ukamsahau daktari anayejadili majibu ya mgonjwa kwa simu. Huyo anahitaji SRTP, inayosimba sauti yenyewe, au ZRTP ya Phil Zimmermann, ambamo wazungumzaji husomeana alama fupi kuhakikisha hakuna aliyejipachika kati yao. Hospitali inapotangaza zabuni ya simu, iandike masharti matatu: funguo za usimbaji zikae kwenye simu za wazungumzaji, kodeki iwe na kasi thabiti, na mzabuni ataje kwa maandishi ni wapi hasa VPN yake inafungua pakiti.