Vidole Vitatu

Bibi yule alitoka Pemba, saratani ya titi, mzunguko wa pili wa dawa. Sijafungua hata dripu, ameshaanza kutapika. Harufu ya spiriti tu ilimtosha. "Mwanangu, hii dawa au adhabu?" Nikamwomba mkono wa kulia. Wa kushoto ni upande aliopasuliwa, na mkono uliotolewa tezi za kwapani sisi wauguzi hatuuchokozi. Nikamwambia akunje ngumi kidogo, kano mbili zikasimama chini ya ngozi. Vidole vyake vitatu kutoka mstari wa kifundo cha mkono, hapo katikati ya kano, nikabonyeza kwa dole gumba.

Wachina wanapaita Neiguan, yaani Mlango wa Ndani. Mimi ni mtoto wa Unguja, ambako madaktari kutoka jimbo la Jiangsu, China, wamekuwa wakija tangu miaka ya 1960. Marehemu mama aliziita sindano zao "hijama isiyo na damu". Lakini mlango huo sikuonyeshwa na Mchina. Nilionyeshwa na maandishi ya mtu wa Belfast.

Huko China tiba hiyo ya sindano ina maandishi ya zaidi ya miaka 2000, ila jambo linalonifurahisha mimi ni la mwaka 1027. Tabibu Wang Weiyi alisimamia kusubiwa kwa sanamu mbili za shaba, ukubwa wa mtu mzima, zenye matundu kila panapochomwa. Siku ya mtihani sanamu ilipakwa nta juu na kujazwa maji ndani. Mwanafunzi akipatia, maji yanatoka. Akikosea, sindano inagonga shaba na mwalimu anasikia. Natamani na sisi tungefundishwa hivyo kutafuta mshipa! Hata hivyo heshima hiyo haikudumu. Mwaka 1822 mfalme Daoguang aliifuta idara ya sindano katika chuo cha tiba cha ikulu, ikabaki kazi ya vijijini hadi serikali ya Mao ilipoirudisha hospitalini.

Mtu wa Belfast ni John Dundee, profesa wa dawa za usingizi. Wagonjwa wake waliamka baada ya upasuaji wakitapika, na huko China alikuwa ameona wajawazito wakitulizwa kichefuchefu kwa Neiguan. Miaka ya 1980 akajaribu kwa wanawake wa upasuaji mdogo, kisha kwa wagonjwa wa saratani ambao dawa zilikwisha kuwatesa. Sindano moja, umeme mdogo, dakika tano. Wengi walipata nafuu, lakini baada ya saa nane hivi kichefuchefu kilirudi. Hapo ndipo nilipompenda: hakuificha kasoro hiyo. Akawavisha mkanda wa mpira wenye kidude kigumu, ule wa wasafiri wa baharini, wakibonyeze kila baada ya saa mbili.

Novemba 1997 jopo la wataalamu lililoitwa na taasisi za taifa za afya za Marekani likakubali kwamba kwa kichefuchefu cha upasuaji na cha dawa za saratani, sindano zinasaidia. Mwaka 2000 yakatoka matokeo ya wanawake 104 wenye saratani ya titi, wote wakipewa pia dawa za kuzuia kutapika. Kwa siku tano, aliye katikati ya kundi la sindano za umeme alitapika mara 5. Wa sindano za kuzugia, mara 10. Wa dawa peke yake, mara 15. Siku tisa zilizofuata, tofauti ikayeyuka. Na uvimbe wenyewe? Huo haukuwa umeulizwa. Anayekuuzia sindano za kuyeyusha uvimbe, mkimbie.

Sindano hizo wodini kwetu hatuna, na mgonjwa ambaye chembe zake za kugandisha damu zimeshuka nisingemchoma ovyo hata tungekuwa nazo. Nilikata lastiki ya sketi, nikashonea kifungo cha shati, nikamvika bibi. Alikuwa anarudi kwao kwa meli.

Baada ya wiki tatu alikuja nacho mkononi, kimeingia uchafu wa unga. "Mkondo wa Nungwi ulichafuka, mwanangu, watu wote wanatapika, mimi kimya." Akakigeuza geuza. "Ila nililala njia nzima. Sasa sijui ni kifungo au usingizi."

Nikafungua dripu.