Nikeli ya Ntaka na fumbo la umeme usiopotea

Kwa miaka mingi taa za Lisekese, mtaa wetu wa Masasi, zimewashwa na umeme wa gesi ya Mnazi Bay, na sehemu ya umeme huo hupotea njiani kabla haujafika Masasi. Elektroni zinazopita kwenye waya hugongana na atomu, waya hupata joto, nguvu ikaishia hewani. Huo ndio ukinzani.

Mwaka 1911, Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, aliipoza zebaki kwa heliamu hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, akaona ukinzani umetoweka kabisa. Sababu ilipatikana mwaka 1957. Wamarekani John Bardeen, Leon Cooper na Robert Schrieffer walieleza kwamba katika baridi kali mitetemo ya atomu huzifunga elektroni mbili mbili, na jozi hizo hupita bila kuzuiwa. Wengi waliamini kwamba joto likizidi nyuzi 240 hivi chini ya sifuri, jozi haziwezi kudumu.

Imani hiyo ilivunjwa na Georg Bednorz na Alex Müller mwaka 1986, katika maabara ya IBM karibu na Zurich. Mchanganyiko wao wa shaba, oksijeni na madini mengine ulipoteza ukinzani kwenye nyuzi 238 hivi chini ya sifuri. Mwaka uliofuata, makundi ya Paul Chu na Maw-Kuen Wu nchini Marekani yakafika nyuzi 180 chini ya sifuri, baridi inayopatikana kwa naitrojeni kimiminika, iliyo rahisi sana kuliko heliamu. Nadharia ya 1957 haikutosha kueleza hayo.

Mwaka huohuo wa 1987 Philip Anderson wa Princeton alikuja na wazo la kishujaa: chanzo cha jozi ni kule kukataana kwa elektroni zenyewe kwenye matabaka ya shaba. Alitumia modeli iliyochapishwa na Mwingereza John Hubbard mwaka 1963. Chukua kila atomu ya shaba kuwa kiti cha basi la Masasi: elektroni mbili zaweza kubanana kwenye kiti kimoja, ila kwa nguvu kubwa, hivyo kila moja hutafuta chake. Mlinganyo wake ni mfupi, lakini kwa tabaka pana hakuna aliyeutatua kikamilifu, hata kwa kompyuta kubwa.

Mimi naipa heshima modeli inayothubutu kutabiri. Mwaka 1999 Vladimir Anisimov na wenzake walikokotoa kwamba nikeli, jirani wa shaba katika jedwali la elementi, ingeweza kufanya kama shaba. Miaka 20 baadaye, mwaka 2019, kundi la Harold Hwang wa Stanford lilionyesha hivyo, ingawa kwenye nyuzi 260 hivi chini ya sifuri. Mwaka 2023 watafiti wa China walikaribia nyuzi 193 chini ya sifuri kwa nikeli ya aina nyingine, iliyobanwa kwa shinikizo kubwa mno.

Nikeli hiyo ipo pia kaskazini mwa Masasi, kwenye kilima cha Ntaka wilayani Nachingwea. Ruangwa nako kuna madini ya kinywe, ambayo ni kaboni, na mwaka 2018 Pablo Jarillo-Herrero wa MIT alipanga matabaka mawili membamba ya kaboni ya aina hiyo kwa pembe ya nyuzi 1.1, ukinzani ukatoweka.

Hadi leo hakuna nadharia moja inayokubaliwa na wote. Nawaomba walimu wa fizikia wa Masasi, Newala na Nachingwea wafundishe historia hii, na wawaambie wanafunzi wao kwamba swali bado liko wazi.